Nafasi Ina Mtu

Katika ofisi moja ya afya mjini Songea palikuwa na kiti cha kuzunguka, cha ngozi ya bandia nyekundu, na mgongoni mwa kiti hicho palikuwa na koti. Koti lilikuwa la Dokta Thadei Mapunda, mkuu wa ofisi. Dokta mwenyewe hakuwepo. Hakuwepo tangu Septemba ya mwaka 1984, alipokwenda Bulgaria kuongeza elimu kwa miezi tisa, na hadithi hii inakwisha mwaka 1993, kwa hiyo hesabu ya elimu hiyo kila mtu aijue mwenyewe.

Lakini sheria ya ofisi za umma haihitaji kuandikwa ukutani: koti likiwa kitini, mkubwa yupo. Ametoka hapo nje mara moja, anarudi. Hata kama hapo nje kwenyewe ni Bulgaria.

Siku aliyoondoka, Dokta Thadei alimwita msaidizi wake ndani, akafunga mlango, akamwekea mkono begani.

"Pankrasi, nishikie hapa. Miezi tisa si kitu. Hata mimba huisha."

"Sawa, Dokta."

"Na koti liache hapohapo. Watu wakiliona watakuwa na adabu."

Pankrasi Luambano, mzaliwa wa Madaba, alikuwa Afisa Afya Msaidizi, mwenye miaka arobaini na mmoja, mrefu, mwembamba, na mwendo wake ulikuwa wa mtu anayeogopa kukanyaga kitu. Kwa kazi yake aliogopa kwa haki. Mji mzima ulimwita Bwana Afya. Tangu Lizaboni hadi Bombambili hapakuwa na choo asichokijua: kina chake, mfuniko wake, na kilichimbwa na nani akiwa amelewa kiasi gani. Watoto walimkimbia. Wenye mabucha walimwona kwa mbali wakaanza kufuta meza kwa matambara machafu kuliko meza zenyewe.

Alipewa barua ya kukaimu. Ilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisema atashika ofisi mpaka mwenye cheo arejee. Ya pili ilisema kila atakachosaini atakisaini kwa niaba ya Dokta Thadei, na jina litakaloandikwa chini ni la Dokta Thadei. Pankrasi aliisoma mara tatu, akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala, kwa sababu alikuwa mtu wa kuamini vitu viwili tu duniani, Kanisa na waraka.

Kile kiti hakukikalia. Alisema kina mwenyewe. Alileta stuli ya mbao kutoka jikoni kwake, akaiweka ubavuni mwa meza ya mkuu, akawa anaandika kwa upande, shingo imepinda kuelekea kitini kama mtu anayesikiliza siri. Alikaa hivyo miaka mpaka shingo nayo ikakata tamaa, ikabaki imepinda hata kanisani. Padri alidhani Bwana Afya anatilia shaka mahubiri.

Ofisi ilikuwa na watu wengine wawili. Mpiga chapa alikuwa Lidwina, mama wa makamo, mwenye ulimi uliokwenda kasi kuliko taipureta yake. Tarishi alikuwa Mzee Daimu, Myao wa Namasakata kule Tunduru, aliyekuwa na kazi mbili: kupeleka barua, na kila Jumatatu kulitoa koti la Dokta nje, kulikung'uta vumbi, kulianika juani na kulirudisha kitini. Mwaka wa tatu panya walikula mfuko mmoja. Pankrasi akalipeleka kwa fundi likatiwa mfuko mpya.

"Wallahi, Bwana Kaimu," Mzee Daimu akasema, "hili koti linatunzwa kuliko mimi."

"Wewe ukiliwa na panya tutakupeleka kwa fundi."

"Mimi panya hawanitaki. Wanakula vya wakubwa."

Ikawa ndivyo maisha. Dokta alileta kadi moja ya posta yenye picha ya theluji, kisha kimya. Miezi tisa ikawa mwaka, mwaka ukawa mitano. Huku nje dunia iligeuka. Likaja neno ruksa. Sabuni zikarudi madukani, mitumba ikamwagwa sokoni mpaka walevi wa komoni wakavaa suti, na mwaka 1991 serikali ikasema madaktari nao ruksa kufungua zahanati zao. Haukupita muda kaka yake Lidwina akatoka Dar es Salaam na habari.

"Nimemwona Dokta wenu. Ana zahanati yake, kibao ni kipana kuliko mlango. Amenenepa! Nikamsalimia, nikamwambia mimi natoka Songea. Akaniuliza, Songea hamjambo? Basi, akaendelea kuchoma sindano."

Lidwina aliposimulia hayo ofisini, alimtazama Pankrasi aone atapasuka wapi. Pankrasi akaliangalia koti, akaliangalia dirisha, akasema polepole, "Labda yuko likizo."

"Likizo ya Bulgaria, inayoliwa Dar es Salaam!" Lidwina akasema.

Ni kweli alikuwa na kila sababu ya kupasuka. Kila mwaka aliandika barua kwenda juu, nayo kwa jina la Dokta Thadei, kuomba kaimu athibitishwe katika nafasi ile, na kila mwaka jibu lilikuwa moja, kama limechongwa kwenye jiwe: suala lako linashughulikiwa. Na si kwamba alitaka ukubwa. Mkewe Notburga alimcheka kwa hilo, alisema mwanaume anayeogopa kiti atapata wapi ukubwa. Alichotaka Pankrasi ni sahihi inayouma. Sahihi yake ilikuwa kama mbwa asiye na meno. Ilibweka, watu wakacheka.

Wa kwanza kucheka alikuwa Beda Ndunguru, mwenye baa mpya karibu na stendi. Beda alikuwa tajiri wa enzi zile, wa jana asubuhi. Choo cha baa yake kilijaa, kikafurika, kikatafuta njia yake mpaka kwenye mtaro ambamo mama lishe wa stendi walioshea sahani. Pankrasi alikwenda na amri ya kufunga, imepigwa chapa, imegongwa muhuri.

"Bwana Afya! Karibu. Supu?"

"Sikuja kwa supu, Beda. Nimekuja kufunga."

"Kufunga nini, kamba za viatu?"

"Baa. Soma."

Beda hakusoma juu. Alisoma chini, panaposomwa na watu wenye akili.

"Hapa amesaini nani?"

"Mimi."

"Na jina hili la nani?"

"La Dokta Thadei."

"Basi mwambie Dokta Thadei aje mwenyewe anifungie. Nitamwekea supu ya ulimi." Akageukia wateja. "Jamani, huyu ni mshika kiti! Na hata kiti chenyewe hakikalii!"

Baa nzima ikacheka. Pankrasi alipeleka suala juu. Jibu lilikuja haraka ajabu, siku nne tu: Kaimu hana mamlaka ya kufunga biashara, ana mamlaka ya kushauri. Basi akaushauri uchafu. Kila Ijumaa alisimama kando ya mtaro ule akawashauri mama lishe wasioshee sahani pale, na mama lishe mmoja, Skolastika, alikuwa na jibu la kila Ijumaa.

"Bwana Afya, sisi tumekusikia. Umeyaambia na mavi yasije?"

"Nimeyaambia."

"Yakasemaje?"

"Yanamtaka Dokta Thadei."

Skolastika alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akampa kitumbua cha bure kwa ajili ya jibu hilo.

Mvua za Februari mwaka 1993 zilipokuja, kipindupindu kilikuja nazo. Katika mtaa ule wa stendi waliugua watu kumi na mmoja. Watatu walikufa. Skolastika alikuwa wa pili. Pankrasi mwenyewe ndiye aliyenyunyiza dawa kwenye jeneza, kwa sababu kunyunyiza dawa hakuhitaji mwenye cheo. Baa ya Beda ilifungwa siku tisa kwa amri ya wakubwa zaidi, ikafunguliwa na rangi mpya.

Aliporudi nyumbani Mfaranyaki jioni ya mazishi, hakula. Notburga alimwekea ugali na dagaa wa Nyasa, akakaa mbele yake.

"Baba Hilda, kula. Si wewe uliyemuua."

"Nilikuwa na karatasi mkononi, Notburga. Miezi mitano kabla. Ilikuwa mkononi hivi."

"Ilikuwa karatasi ya mwenzio."

"Ndiyo hivyo." Akausogeza ugali. "Safari hii nitakitafuta hicho cheo hata kwa meno. Sikitaki kwa ajili ya nyumba, sikitaki kwa ajili ya gari. Nataka siku moja nimwandikie Beda barua yenye jina langu chini."

Mkewe hakumcheka siku ile.

Na kama vile mbingu zilisikia, mwezi Juni ikaja fomu.

Wakati huo serikali ilikuwa inapunguza watumishi. Wakubwa wa fedha kutoka ng'ambo walisema nchi ina makarani wengi kuliko kazi, na nani atabishana na mtu aliyekukopesha? Kila ofisi ililetewa fomu ya kuorodhesha nafasi zake zote. Fomu ilikuwa nzuri, ya karatasi laini, yenye safu tatu. Ya kwanza, cheo. Ya pili, nafasi ina mtu. Ya tatu, nafasi haina mtu, na tangu lini. Weka alama ya vema panapohusika.

Pankrasi aliiweka mezani, akavaa miwani, akawaita wenzake. Alipenda kazi ifanyike kwa uwazi.

"Tuanze chini. Tarishi."

"Tarishi yupo," akasema Mzee Daimu. "Jambo la kumshukuru Mungu."

"Ina mtu. Mpiga chapa."

"Kama huyu si mtu, basi ni taipureta inayokula," akasema Lidwina.

"Ina mtu. Haya. Mkuu wa Ofisi."

Wote watatu wakageuka kulitazama koti. Mzee Daimu akashusha sauti, kama kwamba litasikia.

"Bwana Kaimu, hapo utaandikaje?"

"Ukweli." Pankrasi akaweka alama ya vema, ikakaa sawasawa: haina mtu, tangu Septemba 1984, inakaimiwa. Miaka tisa alikuwa hajawahi kuandika neno hilo kwenye karatasi ya serikali. Alijisikia mwepesi. Alijisikia kama mtu aliyetoka kuungama.

Ukabaki mstari mmoja. Afisa Afya Msaidizi.

"Hiyo weka ina mtu, twende zetu," Lidwina akasema. "Mtu si wewe?"

Pankrasi hakuandika. Aliivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Na hapo ndipo palipotokea kosa ambalo mlevi asingelifanya, wala mwizi asingelifanya. Lilihitaji mtu mwaminifu, tena mwenye waraka kichwani.

"Lidwina, mimi kazi ya Afisa Afya Msaidizi niliiacha lini?"

"Uliiacha wapi? Si ndiyo hiyo unayoifanya?"

"Hapana. Mimi nafanya ya mkuu. Nikiandika nafasi ya msaidizi ina mtu, juu watasema, kumbe Luambano yupo palepale pake, hajapanda, tumthibitishe wapi? Lakini nikiandika haina mtu tangu 1984, wataona: nafasi ya chini iko wazi, nafasi ya juu iko wazi, mtu ni mmoja. Watajua mtu huyo amepanda. Watampa ya juu, na ya chini wataniletea kijana wa kunisaidia."

Lilikuwa wazo safi. Lilinyooka kama rula. Lidwina alifungua mdomo, akaufunga. Kwa Lidwina hilo lilikuwa tukio.

"Bwana Kaimu," Mzee Daimu akasema, "kule kwetu mtu anayepanda mkorosho hauachi mkono wa chini kabla wa juu haujashika tawi."

"Kule kwenu hakuna fomu, Mzee Daimu."

Akaweka vema: haina mtu. Akasaini. Na chini ya sahihi, kama kawaida, kama sheria inavyotaka, Lidwina akapiga chapa jina la Dokta Thadei Mapunda.

Nyumbani alimsimulia mkewe kwa furaha. Notburga alikuwa anachambua maharage. Mkono wake ukasimama katikati ya ungo.

"Yaani umewaandikia kiti chako hakina mtu?"

"Sikikalii."

"Unakalia nini?"

"Stuli."

"Na hiyo stuli, Baba Hilda, umeiandika wapi kwenye fomu?"

Pankrasi akatazama maharage. Hapakuwa na mstari wa stuli.

Majibu yalikuja Agosti, katikati ya baridi ile ya Songea inayoingia kwenye mifupa na kuomba kukaa. Bahasha iliandikwa kwa Dokta Thadei Mapunda. Pankrasi, akiwa amevaa sweta lake la kijivu alilofumiwa na Notburga, aliifungua kwa kisu, kwa heshima, kama alivyofungua barua za Dokta kwa miaka tisa. Akasoma kimya. Kisha akaketi kwenye stuli, akaisoma tena kwa sauti, kwa sababu labda kwa sauti ingekuwa na maana nyingine.

Barua ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilimshukuru Dokta Thadei kwa fomu, ila ilimkumbusha awe makini. Alikuwa ameonyesha kimakosa kwamba nafasi yake mwenyewe haina mtu, wakati Makao Makuu wanapokea barua za Dokta Thadei kila wiki bila kukosa tangu 1984, na hata fomu hiyo yenyewe ilikuja kwa jina lake. Haiwezekani Dokta Thadei aandike kwamba Dokta Thadei hayupo. Kosa hilo limesahihishwa. Nafasi ina mtu, tena mtu hodari. Mafaili yake ni miongoni mwa mafaili safi kabisa.

Aya ya pili ilisema kwamba nafasi ya Afisa Afya Msaidizi, ambayo imekaa miaka tisa bila mtu na ofisi haikudhurika, inafutwa mara moja. Jina la Ndugu P. Luambano, ambalo bado linaonekana kwenye orodha, liondolewe. Dokta Thadei anaelekezwa amjulishe mhusika kwa maandishi ndani ya siku saba.

Nje mtu alipita akiuza karanga kwa kuimba.

"Subhanallah," Mzee Daimu akanong'ona. "Kumbe wewe ndiye uliyemweka hai."

Ndiyo hivyo. Kila barua ya mabucha, kila ripoti ya visima, kila orodha ya watoto waliochanjwa, yote Pankrasi alikuwa anamjengea Dokta Thadei utumishi uliotukuka, huku Pankrasi mwenyewe hana hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba aliwahi kuamka asubuhi.

"Usiiandike hiyo barua," Lidwina akasema. "Mimi siipigi chapa."

"Wametoa siku saba."

"Zipite! Watafanya nini, watakufukuza?"

Pankrasi alifikiri. Kisha akasema kile kitu ambacho Lidwina alikisimulia sokoni mpaka watu hawakumwamini: "Nikichelewesha nitakuwa nimekiuka maelekezo."

Siku ya sita Lidwina aliweka karatasi kwenye taipureta. Alikuwa analia na kupiga, kwa hiyo makosa yalikuwa mengi. Pankrasi alisimama nyuma yake akimwongoza.

"Ndugu Luambano. Ninasikitika kukujulisha…"

"Nani anasikitika?" Lidwina akauliza bila kugeuka. "Wewe au Dokta?"

"Dokta. Mimi ni mpokeaji."

"Dokta hasikitiki, amenenepa."

"Andika tu, mama."

Akasaini. Mzee Daimu akaiandika barua kwenye daftari la kupelekea barua, akaichukua, akatoka nayo nje kwa sababu barua lazima ipelekwe, akafunga mlango, akasimama kidogo kwenye baridi. Kisha akabisha.

"Hodi."

"Karibu."

"Barua yako, Bwana Pankrasi. Saini hapa."

Akasaini na hapo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka tisa kuandika jina lake chini ya sahihi yake mwenyewe.

Kesho yake alikwenda kwa Amedeus Haule, afisa utumishi, kijana wa familia moja na Notburga, mchangamfu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alimwita Pankrasi mjomba kwa heshima.

"Shikamoo, mjomba. Nimesikia. Pole sana. Lakini usihofu, rufaa ipo! Unaandika rufaa, unaipitisha kwa mkuu wako wa ofisi, anaweka maoni yake na sahihi, mimi naipeleka."

"Mkuu wangu hayupo, Amedeus."

"Yupo. Ninayo barua yake ya jana. Amekupunguza."

"Ile nimesaini mimi!"

"Kwa niaba, mjomba. Kwa niaba. Wewe pale ulikuwa kalamu."

"Basi niweke maoni kwa niaba. Ndivyo nilivyofanya siku zote."

Amedeus akakuna kichwa. Alimpenda mjomba wake kweli, na alitamani kumsaidia, ila alisoma utumishi mpaka ukamwingia.

"Tatizo hapo ni moja. Anayekaimu lazima awe mtumishi. Wewe tangu jana si mtumishi."

"Sasa nani anakaimu?"

"Hakuna haja ya kaimu." Akaifungua fomu iliyosahihishwa, akaonyesha kwa kidole. "Angalia mwenyewe. Nafasi ina mtu."

"Na Beda? Choo chake kimejaa tena, Amedeus. Nimepita pale leo. Mvua ziko karibu."

"Hilo mwandikie Dokta Thadei," Amedeus akasema, kisha akasikia alichokisema, akaona haya, akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Pankrasi alirudi ofisini kuchukua vitu vyake. Havikuwa vingi: kitabu cha sala, kikombe, fimbo yake ya kupimia vyoo. Aliishika stuli, maana ilitoka jikoni kwake, lakini Mzee Daimu akaishika upande wa pili.

"Iache, Bwana. Na sweta pia. Ulitundike hapo juu yake."

"Sweta la nini? Kuna baridi."

"Watu wakija wakakuta pako tupu, wataacha kuja. Wakiliona sweta watajua upo. Utarudi, inshallah. Nitalikung'uta Jumatatu."

Pankrasi akamtazama. Alitafuta mzaha usoni mwa mzee, hakuuona. Akalivua sweta polepole, akalitandaza juu ya stuli, akalinyoosha mikono. Akaenda Mfaranyaki kwa miguu, amejikumbatia, fimbo ya vyoo kwapani. Njiani watu walimwamkia, "Shikamoo, Bwana Afya," naye akaitikia, "Marahaba," maana hilo halikuwa kwenye fomu.

Wiki mbili alikaa nyumbani. Aliiandika rufaa mara sita. Notburga aliisikiliza kila mara, akasema ni nzuri, kisha akauliza nani ataisaini. Jumanne moja akaamka, akavaa shati jeupe, akasema anakwenda.

"Unakwenda kwa nani, Baba Hilda?"

"Ofisini."

"Kuna nani?"

Akaenda hivyohivyo.

Alikuta benchi la nje limejaa. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na kupitia mlango kilionekana kile kiti chekundu na koti lake, na kando yake stuli na sweta. Lidwina alikuwa anapiga taipureta. Anapiga nini, na kwa amri ya nani, Mungu ndiye aliyejua. Mzee Daimu alisimama mlangoni. Macho yao yalipokutana mzee akayainamisha, akaanza kufuta kitasa.

Mwishoni mwa benchi alikaa mama mmoja mwenye kikapu. Jina lake Adela, ametoka Lusewa tangu juzi, anataka cheti cha afya afungue mgahawa wa chai. Alimwona mzee mwenye shingo imepinda, mwenye karatasi mkononi, akamwonea huruma. Akasogea.

"Kaa hapa, baba. Usisimame na baridi hii. Foleni inaanzia kule, mimi ndiye wa mwisho, wewe nifuate mimi."

"Asante, mama." Pankrasi hakukaa. "Mmeambiwa nini?"

"Wakubwa wapo, wametoka hapo nje mara moja. Si unaona makoti yao?" Akamnong'oneza, kama anayempa mgeni siri ya mji. "Wanasema yule mwenye koti ni mkali, humpati. Ila yule mwenye sweta ana utu. Ukimpata huyo, amesaini."

Mdomo wa Pankrasi ulifunguka. Alitaka kumwambia mama huyu arudi Lusewa kabla nauli haijamwishia. Alitaka kumwambia sweta lile limefumwa na mke wake, na kwapa la kushoto lina kiraka. Akamtazama Mzee Daimu. Mzee Daimu bado alikuwa anafuta kitasa.

"Baba, wewe una shida gani?" Adela akauliza.

"Sahihi."

"Ya nani?"

Pankrasi aliitazama ofisi.

"Ya mkuu," akasema.

"Basi kaa, baba. Atakuja sasa hivi."

Akakaa. Akaiweka rufaa magotini, akaikandamiza kwa viganja viwili isipeperuke, na shingo yake, kwa mazoea ya miaka tisa, ikapinda yenyewe kuelekea kitini.